Kabla Hujamwita Nkwabi Baba

Minza, ng'wanone, mwanangu,

Mama yako yuko chumbani kwako anapanga begi, anapangua, anapanga tena. Mambo ya sabuni, khanga, chaja ya simu na vijana wa Mwanza nimemwachia yeye. Ameyaongea tangu asubuhi na amebakiza kidogo tu kuyahubiri. Mimi nimekaa hapa mezani na kalamu niliyotoka nayo buchani, ina damu kidogo ya mbuzi kwenye kifuniko, usiogope. Unajua shule niliishia darasa la tano. Ujue pia kwamba katika hilo darasa la tano, kwa insha, hakuna aliyenisogelea. Mwalimu alikuwa akizisoma mbele ya wenzangu mpaka wakanichukia. Ningeendelea kidogo tu, leo mngekuwa mnanisoma kwenye magazeti.

Ninaandika kwa sababu uliniuliza jambo na sikukujibu. Ilikuwa pale buchani, mama mmoja anasubiri utumbo wake, wewe ukanisogelea ukasema kwa sauti ya chini, "Baba, yule mzee ameomba nimwite baba. Sijamwita. Sitamwita mpaka wewe uniambie." Nikachukua kisu nikaanza kukinoa. Kisu chenyewe kilikuwa kimenolewa asubuhi ile ile. Nikanoa mpaka yule mama akauliza kama nina mpango wa kumchinja yeye. Tukacheka wote, ukaondoka, na swali lako likabaki pale kwenye ndoano limening'inia pamoja na mapaja ya ng'ombe.

Kesho unakwenda kwake, kwa hiyo lazima nikujibu leo. Mdomoni halitoki. Wakati wa kula nilifungua kinywa mara mbili, nikaishia kukusimulia habari ya yule trafiki wa Magu, ambayo umeisikia tangu uko chekechea na bado ukacheka kwa heshima. Acha karatasi inisaidie.

Nina wivu, Minza. Naliweka mbele ili lisitusumbue. Wivu wa mapenzi ninaujua, umenipitia ujanani na umenigharimu meno. Huu ni mwingine. Unakaa chini ya mbavu, na unaamka kila mtu anaposema kwamba wewe na Nkwabi mmefanana masikio.

Mimi ni mtu niliyetembea. Nimeshusha ng'ombe Dar, nimepeleka mchele Kigali, nimekwama Lubumbashi lori limeharibika mpaka nikaanza kuimba kwaya kwenye kanisa lao, sauti ya pili, na mchungaji akalia niliporudi nyumbani. Nimeibiwa kwa lugha ambazo sizijui. Kote huko hakuna mwanaume aliyewahi kunitisha. Aliyekuja kunitisha ni mfugaji mmoja wa Bukundi, mwembamba kama fimbo yake, amevaa koti la mvua kwenye jua, hajui hata mlango wa gari unafunguliwa upande gani.

Habari yenyewe unaijua, lakini hujawahi kuisikia kutoka kwangu, kwa sababu mimi nikiifikia huwa naruka. Nkwabi alikuwa na mama yako kabla yangu. Ukazaliwa wewe, na ng'ombe za mahari hazikuonekana. Kwa desturi yetu mwanaume ambaye hakutoa ng'ombe hana mtoto, ana maneno tu. Nilipokuja Ngulyati kumuoa mama yako ulikuwa unatambaa. Babu yako akasema mbele ya wazee kwamba mtoto anafuata ng'ombe za Limbu, ndiyo mimi, na hapo hapo nikakunyanyua watu wakuone. Ukanikojolea shati la harusi. Nikawaambia huo ndio muhuri, wamalize kikao. Baada ya hapo Mungu hakutupa mwingine. Lori la kwanza nililonunua nikaliandika jina lako mbele kwa herufi nyekundu, na ndiyo maana kutoka Lamadi mpaka Lubumbashi hakuna anayemjua Limbu. Wanamjua Baba Minza. Sasa mtu akija kuomba sehemu ya jina hilo, hata kama ni sehemu ndogo, lazima nishike mfuko.

Unakumbuka siku aliyokuja hapa Bariadi, pamba imekwisha kuuzwa, watu wana raha. Alisema amepita tu kukuona. Nikajifanya mkarimu. Nilichoma mbavu za mbuzi mzima, nikaagiza ugali mgumu wa kukata kwa kisu, nikaijaza sahani yake mpaka ikawa kilima. Nilitaka aone mtoto wake amekulia wapi. Nikaongea habari za lori, za bucha, za bati jipya. Yeye anatafuna. Anatafuna tonge lile lile, anakunywa maji, anatafuna tena. Nikasema, kwa sauti ya kutosha mama yako asikie jikoni, kwamba kumbe huko Bukundi ng'ombe wanafugwa kwa ajili ya kuangaliwa. Majirani wakacheka. Na yeye akatabasamu, akatoka nje, akaenda nyuma ya choo akatema.

Mimi sikuona. Wewe ndiye uliyeona. Uliwasha jiko ukapika uji mwepesi, ukauchuja, ukaupoza kwa kuumimina huku na huku, ukampa kwenye kikombe chako wewe, kile cha bluu. Akanywa taratibu, na kila funda akishika kifua kama mtu anayesukuma mlango.

Nilikitazama kikombe kile, ng'wanone. Miaka yote niliyokaa katika nyumba hii hujawahi kunichujia uji. Ni kweli sijawahi kuuhitaji, koo langu lingeweza kupitisha tairi. Lakini wivu haupokei hoja za namna hiyo.

Ulipomuuliza ilianza lini, alisema wakati wa kupanda. Kwanza nyama ilikwama, kisha ugali, kisha hata michembe, vile viazi vikavu, iliyochemshwa mpaka ikalainika, na mwili unaisha. Nyumbani kwao walimwita fundi akamkata kimeo kwa wembe, wakamwambia ndicho kilichokuwa kinaziba. Sisi watu wa huku kikikwama chochote kooni tunalaumu kimeo. Na mimi nilikatwa changu nikiwa mdogo, na kama unavyoona, hakikuniziba wala hakikuninyamazisha.

Watu wa mtaani walinisifu kwamba nilimpeleka mwenyewe Mwanza kwa gari langu. Nilizipokea sifa zote, unanijua. Ukweli ni kwamba nilitaka aondoke nyumbani kwangu kabla hujampikia uji mwingine. Nilipanga kumshusha getini nigeuze. Pale Lamadi akaomba tusimame, tukamnunulia maziwa, nusu yakapita na nusu yakarudi. Akafuta mdomo akasema, "Limbu, huyu mtoto umemlea." Basi. Nilikuwa na mzaha mzuri umeshafika kwenye ulimi, ukafia hapo hapo.

Wewe ulikuwa umekaa nyuma, umelala, hukusikia. Nilikusudia usilisikie kabisa. Sasa umelisikia.

Hospitali tulipofika yule nesi wa mapokezi akakutazama, akamtazama yeye, akasema binti amechukua sura yote ya baba yake. Kisha akanigeukia na kalamu yake, akauliza mimi ni nani kwa mgonjwa. Nikasema dereva. Ulinikanyaga mguu. Nilistahili, lakini ungekanyaga ule wa kushoto, wa kulia una gauti.

Wakamshushia ule mrija wenye kamera, wakatoa kinyama wakakipeleka kupimwa, wakampitisha kwenye mashine. Majibu tulipewa tukiwa wote watatu. Saratani ya umio, ile njia ya kupitishia chakula, na imeshafika kwenye tezi na ini. Kisu hakifai tena. Nkwabi aliuliza jambo moja tu, kama atakula tena nyama. Mimi mwenye bucha nikaangalia dirishani.

Yule daktari, mama mfupi mwenye miwani, nilimpenda kwa sababu nilipomwambia atueleze kama watu wa ng'ombe hakukasirika. Alisema dripu zitakuwa za aina mbili kwa pamoja. Moja ni kemo, hiyo inaupiga ugonjwa wenyewe, na inapiga na vingine, ndiyo maana mtu anatapika na kuchoka. Ya pili ni dawa ya kinga. Akasema mwilini mwa kila mtu kuna sungusungu wanaozunguka kukagua nani ni wa hapa na nani mgeni. Saratani ina ujanja, inawasalimia vizuri, mwangaluka, mhola duhu, nao wanapita bila kuiuliza. Dawa hii inauvunja ule ujanja wa salamu. Sungusungu wanasimama, wanatazama vizuri, wanaona huyu si wetu, wanamkamata. Akatuambia pia, na alimtazama Nkwabi usoni, kwamba kwa ugonjwa uliofika huko hamwahidi kupona. Anamtafutia muda, na anamtafutia kula. Kwa wengine muda unakuwa mrefu, kwa wengine mfupi, na kabla ya safari hakuna ajuaye yeye ni yupi.

Wewe ulikuwa unaandika. Nilijiona mimi ndiye yule anayesalimia vizuri. Nimekaa ndani ya nyumba yako ya damu miaka yote, naitikiwa, napita. Na sasa damu yako imemuona Nkwabi, imesimama, inatazama vizuri. Nilitoka nje nikamnunulia kila mtu soda pale kwenye benchi, hata watu nisiowajua. Nikiogopa huwa nanunua.

Niliporudi ndani daktari alimalizia kwa jambo ambalo mama yako halijui, kwa hiyo hili moja nalisema mimi. Sungusungu wakishaamshwa wanaweza kuzidisha, wakapiga hata wenye nyumba. Akianza kuharisha bila kukoma, au kikohozi na pumzi fupi, au macho kuwa ya njano, au ngozi kuwaka vipele, usimpe dawa ya duka, usisubiri siku ya dripu, mrudishe siku hiyo hiyo. Nimelikumbuka lote bila kuandika. Nilipolisikia nilifikiri, huyu mama ananieleza mimi.

Dripu zikaanza, kila baada ya wiki tatu. Mara ya kwanza na ya pili nilimpeleka mimi, kisha ndugu zake wakachukua zamu. Tuliambiwa alitapika, akalala, akanyong'onyea. Halafu mchana ule ukaja buchani mbio, viatu huna, simu mkononi, ukasema amekula ugali mlaini kwa maziwa mgando na umeshuka wote. Nikasema vizuri, nikageuka kumpimia mteja, nikampa nyama zaidi ya aliyolipia. Kwenye biashara yangu hilo halijawahi kutokea na ninaomba usilitangaze. Hata picha za mashine zilionyesha uvimbe umepungua. Haujaisha, umepungua. Nilifurahi, Minza. Naapa nilifurahi. Na jioni ile nikamwambia mama yako koo linanikereketa, nikakohoa mezani mara kadhaa nikikutazama. Ukaniletea maji ya chumvi nisukutue, ukarudi kwenye simu kuongea na Bukundi. Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye alijua.

Kisha wakaja ndugu zake na ng'ombe. Waliswaga tangu Bukundi, kaka mkubwa mbele, wakasema Nkwabi amepata nguvu na kitu cha kwanza anachotaka ni kukomboa mtoto wake, aitwe baba kwa haki, mbele ya watu, akiwa hai. Kwa kuwa babu yako hayupo tena, wakazileta kwangu mimi niliyekuchukua. Nilisimama mlangoni nikapiga kelele ambazo sitaziandika. Nikamwambia yule kaka mtu miaka yote walikuwa wapi na hizo pembe. Naye akanijibu kwamba mimi nimetembea sana lakini damu haitembei. Tungeshikana. Ndipo ukatoka ndani na ndoo ya maji, ukaiweka chini, ukasema, "Baba, mimi si ndama." Ulisema mara moja, na hukusema unamwambia baba yupi, kwa sababu ulinitazama mimi.

Ulipowapa maji ya kunywa ndipo yule kaka akaropoka kwamba siku ile ile Nkwabi alitakiwa awe Mwanza kwenye dripu. Wanaume wote wa boma walikuwa njiani na ng'ombe. Walimuuliza lipi litangulie, na yeye mwenyewe akasema mtoto kwanza, dripu ijayo ipo. Watu wetu ndivyo tulivyo. Mtu ana dawa inayofungua koo lake, anaiacha ipite ili ng'ombe zifike kwa wakati. Na za kuuza kwa ajili ya dripu zinazofuata ndizo hizo hizo walizonisimamishia mlangoni.

Usiku ule ulikuwa umeshaamua. Ulisema unakwenda kupanga chumba karibu na hospitali ukae naye, asikose tena. Mama yako alilia, mimi nikasimulia habari ya Kigali.

Ninachojua kuhusu wivu nimekilipia, kwa hiyo nikupe bure. Ukiwa nao utafanya mambo mazuri kwa nia mbovu, na watu watakusifu, na wewe utazidi kuchanganyikiwa. Nilimlisha mtu kwa kumkomoa, nikampeleka hospitali kwa kumfukuza. Mungu akapokea vyote viwili kama vilivyo, hakuniuliza nia. Kwa hiyo ukijikuta huko umechoka, umekasirika, unamuosha mgonjwa huku unatamani kuwa mahali pengine, muoshe tu. Usisubiri moyo ukae sawa ndipo ufanye. Moyo wangu mimi bado haujakaa.

Na usimwambie ajitahidi kula. Nilimwambia hivyo wodini, akanitazama kwa namna ambayo sitaki uione. Mwekee, ukae karibu, uongee mambo mengine. Muulize habari za ng'ombe, anazijua kwa ukoo mpaka bibi zao. Na siku dawa ikigoma, daktari akisema sasa basi, msikilize, usimburuze kutoka mganga huyu kwenda mganga yule kwa sababu wewe hujawa tayari. Hiyo siku nipigie. Nitakuja hata kama lori ni la kusukuma.

Sasa nikujibu.

Zile ng'ombe zimekuwa kwenye zizi la rafiki yangu kule Ngulyati. Sikuzipokea, sikuzirudisha, nilikuwa nakwenda kuzitazama tu kama mjinga. Leo mchana nimempigia yule kaka yake. Nimemwambia aje azichukue, asizirudishe Bukundi, azipeleke mnadani, na fedha iende kwenye dripu. Akauliza, kwa hiyo nimekataa. Nikamwambia nimekataa ng'ombe, sijakataa mtu. Akanishukuru, wabeja, na mimi nikamwambia asizoee.

Neno lile nampa bila ng'ombe. Nakuomba uelewe ukubwa wa jambo hilo, maana mimi ni mfanyabiashara, hata mfupa wa mbwa nauza. Mwite baba, Minza. Usimwite kwa huruma, mgonjwa anaisikia huruma kabla hujamaliza kuongea. Mwite kwa sababu ndivyo ilivyo. Mimi sitapungua. Nitaumia, hilo ndiyo, siku hiyo nitakata nyama vibaya na wateja watalalamika, lakini sitapungua.

Asubuhi sitakuja stendi. Nitakuwa machinjioni mapema, nina ng'ombe watatu wa harusi, na hata nisingekuwa nao ningewatafuta. Mama yako atakusindikiza, barua hii nimeiweka juu ya nguo zako aione na asijifanye hakuiona.

Ukifika, kabla hujafungua begi, simama mahali ambapo anakuona uso, umwite. Na usinong'one kwa ajili yangu. Kilichoziba kwake ni koo, masikio yake ni mazima.

Mimi baba yako wa Bariadi,
Limbu